Shavu la Kushoto

Kwa miaka kumi na moja hakuna jirani wa mtaa wa Muyeye, Malindi, aliyeuona uso wa Bi Tumu. Walimjua kwa sauti, kwa mwendo wake wa kuburura ndara, na kwa macho mawili yaliyochungulia juu ya nikabu. Walisema mama yule ni mcha Mungu. Na kweli alikuwa mcha Mungu, lakini nikabu ile ililetwa na jambo jingine. Ililetwa na mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi yasiyouma wala kuambukiza, yaliyoanza kama punje ya mchele chini ya jicho la kushoto yakaenea mpaka pembe ya mdomo. Nyumbani kwake neno mbalanga halikutamkwa. Aliyelazimika kulitaja alisema "ile hali ya mama", na kabla hajamaliza alishautazama mlango kama umefungwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wahenga, na watu wa nyumba ile waliijua methali hiyo kama wajuavyo Alhamdu. Kuijua ni kitu kimoja, kuifuata ni kingine.

Basi Jumanne asubuhi Ruwaida, mkazamwana, alitoka jikoni na chai ya mama mkwe wake akakuta kitanda kitupu na mlango wa nje wazi. Buibui na nikabu vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari wao. Juu ya kimeza kulikuwa na kibweta cha dawa, vidonge vya sukari upande huu na vya presha upande ule, vya asubuhi ile bado havijaguswa. Bi Tumu alikuwa na miaka sabini na mitatu, na tangu mwaka uliopita akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Daktari alikwishawaonya kwamba akikosa dawa siku mbili tatu ataanguka, na huenda asiinuke tena.

Mahmood, mwanawe Bi Tumu na mumewe Ruwaida, aliuza vitambaa sokoni. Siku ile hakufungua duka. Walitafuta mpaka adhuhuri, lakini walitafuta kwa kunong'ona, wakichungulia vichochoro kama wezi. Jirani mmoja alipowauliza wamepotelewa na nini, Mahmood akajibu kuku. Ruwaida alimtazama mumewe, asiamini kwamba amelisikia neno lile, kisha akainamisha kichwa akaendelea kutafuta kuku.

Kituoni askari aliwapa fomu. Penye jina Mahmood aliandika jina, penye umri akaandika umri. Penye alama za kumtambulisha, kalamu ilisita kidogo, kisha akaandika "hana". Askari akawaambia walete picha.

Picha ilikuwapo moja tu, katika simu ya Ruwaida. Aliipiga Idi iliyopita, uani, alipokuwa akijifunza kazi. Bi Tumu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, kichwa wazi, leso nyekundu mabegani, na alikuwa akicheka kwa sababu Ruwaida alimwambia ainue kidevu kama bibi harusi. Shavu lote la kushoto lilionekana katika jua.

*

Sahla, dadake Mahmood, alikuja mbio kutoka Shella alipopata habari. Alilia kwanza, na alilia kweli, maana alimpenda mamake. Kisha akaomba kuiona picha, na alipoiona akakausha machozi.

"Hii haitoki," alisema.

Hakuwa na moyo mbaya, Sahla. Alikuwa na binti, Sumeiya, aliyeposwa na watu wa Mambrui, na Jumamosi hiyo ndiyo watu wa Mambrui walikuwa waje kuweka siku ya nikaha. Wakiliona shavu lile, alisema, watasema ni damu. Wataanza kumgeuza Sumeiya kama wanaochagua embe sokoni, wakitafuta doa. Mama mwenyewe alijistiri miaka kumi na moja kwa ajili ya wajukuu wake, leo wao ndio wamvue hadharani?

Ruwaida akasema kwa sauti ya chini kwamba picha ya kumtambulisha mtu uso wake hauguswi. Ndivyo alivyofundishwa na Ngumbao, mwenye duka la picha alikokuwa akifanya kazi.

"Ngumbao ndiye atakayemuoza mwanangu?" Sahla aliuliza.

Kazi ile ya Ruwaida haikuwa na heshima nyumbani. Kwa miezi mitano alikwenda kila siku mjini kwa Ngumbao, akifagia na kutoa fotokopi, naye Ngumbao badala ya mshahara mzima alimpa mshahara nusu na mafunzo ya kutengeneza picha. Ngumbao hakununua programu za watu wakubwa. Alitumia ile ya bure, inayofunguka ndani ya intaneti kama ukurasa wa gazeti, na kwa programu hiyo alimfundisha Ruwaida kukata kingo, kuongeza mwanga, kuondoa ukuta wenye ufa nyuma ya mtu na kuweka weupe wa pasipoti. Alimfundisha matabaka. Fikiria leso juu ya leso, alimwambia, unapaka rangi ile ya juu na ile ya chini haina habari. Pembeni mwa kila tabaka pana kijicho kidogo. Ukikibonyeza, tabaka linajificha. Na siku ya kwanza kabisa alimwambia sheria yake, kwamba katika picha ya kipande cha kitambulisho au ya pasipoti utagusa mwanga, utagusa ukuta, uso utauacha. Sahla aliiita kazi hiyo kumfagilia mtu duka, na Mahmood alipokuwa na wageni alisema mkewe yuko kwa jamaa zake.

Sasa Mahmood aliishika simu, akaitazama picha ya mamake muda mrefu.

"Waweza kuliondoa?" alimuuliza.

"Naweza."

"Lisijulikane kabisa?"

Ruwaida alijua jibu linalofaa ni lipi. Lakini aliona uso wa mumewe ukimtegemea, jambo ambalo hakulizoea, na moyo wake ukafurahi, katika siku ile ya balaa, ukafurahi. Akasema lisijulikane kabisa.

"Kumbe kazi yako ina faida," Mahmood akasema.

*

Ngumbao alikuwa Ganze, kwao, kwenye matanga ya ami yake, na funguo alimwachia Ruwaida. Ruwaida alifungua duka alasiri, akafunga mlango kwa ndani, akawasha kompyuta.

Alifanya kama alivyofundishwa. Aliipakia picha, akafanya nakala yake juu ya ile ya asili, akaanza kazi juu ya nakala. Kulikuwa na brashi ya kuondoa madoa. Unaigusisha ngozi safi, kisha unapaka penye doa, kompyuta yenyewe ikachanganya. Kwa chunusi ya msichana wa shule ilifanya kazi ajabu. Kwa shavu la Bi Tumu ilishindwa. Palitokea kitu cha kijivujivu kama ukuta uliopigwa maji, akarudi nyuma hatua moja, akajaribu tena, akarudi tena.

Ndipo akapata maarifa ambayo hata Ngumbao hakumfundisha. Alilikata shavu la kulia, lile zima, akaligeuza, akalibandika juu ya la kushoto, akalainisha kingo. Likakaa. Akachukua picha yake mwenyewe, akakata buibui lake, akamvika mama mkwe wake nywele zisionekane. Akaongeza mwanga. Akapunguza makunyanzi mawili matatu, kwa heshima tu, hakuna aliyemwambia.

Akakaa kitako akatazama. Mbele yake palikuwa na mama mmoja mzuri, ametakata, ametulia. Kwa dakika nzima Ruwaida alisahau kwamba kuna mtu anatafutwa. Alitamani mwalimu wake awepo aione kazi.

Chini ya picha aliandika kama Mahmood alivyomwelekeza: amepotea, ametoka nyumbani Muyeye, amevaa buibui jeusi. Maana nyumba ile isingekiri kwamba mama yao alitoka na leso, kichwa wazi. Alichapa karatasi arubaini, nyingine akaituma katika vikundi vya wasapu vya Malindi, Watamu na Kilifi. Sahla alipoiona alimbusu. Alisema afadhali, sasa hata wale wanaosemasema watafunga midomo.

*

Jumatano Mahmood alikwenda Kilifi. Kwa siku kadhaa mamake alikuwa akisema anataka kumtazama dadake Mwanamina, na Mwanamina aliishi Kibarani mpaka alipokufa, sasa mwaka wa sita. Kama Bi Tumu alipata gari asubuhi, bila shaka alikwenda huko. Mahmood alipita Kibarani nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Watu walikuwa wema. Waliishika karatasi kwa mikono miwili, wakaisogeza juani, wakaitana. Wote wakatikisa kichwa.

Simu zilipigwa, tena nyingi. Mama mmoja wa Watamu alizuiliwa dukani nusu saa na watu wenye nia njema mpaka wanawe wakaja na matusi. Mwingine alikuwa kijana wa miaka arubaini. Kila mara Mahmood aliruka, kila mara akakaa. Sahla alihamia pale nyumbani, akawa hali chakula. Kibweta cha dawa kilikaa mezani, na Ruwaida kila alipopita alihesabu vidonge bila kutaka. Siku ya pili ilikwisha.

*

Alhamisi mchana Ngumbao alirudi kutoka Ganze akaikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka lake mwenyewe. Hakuingia. Alisimama pale na mkoba wake akaisoma, kisha akaibandua taratibu akaingia nayo.

"Nani huyu?" alimuuliza Ruwaida.

"Mama mkwe wangu. Tangu juzi hatumwoni."

"Pole sana, mama. Ana miaka mingapi?"

"Sabini na mitatu."

Ngumbao alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Hapa shavu la kulia pana kidoti cheusi," alisema. "Na la kushoto pana kidoti, mahali pale pale. Mungu haumbi hivyo. Palikuwa na nini?"

Ruwaida alitazama mlangoni, kwa mazoea. Kisha akalitamka neno, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mbalanga."

Alingoja kukaripiwa. Ngumbao hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Alimvutia kiti mbele ya kompyuta akamwambia afungue ile kazi. Ruwaida akaifungua. Akabonyeza kijicho cha tabaka la juu, buibui likatoweka, shavu la kubandika likatoweka, na Bi Tumu akawa amekaa kwenye mbuzi yake anacheka, nusu ya uso kahawia, nusu nyeupe.

"Huyu ndiye wa kutafutwa," Ngumbao alisema. "Lakini mimi si mtu wa nyumba yenu."

Ruwaida angeweza kumpigia mumewe amwombe ruhusa. Alijua atajibiwa nini. Alijua pia ni siku ya tatu. Akaandika: hii ndiyo sura yake, alitoka na leso nyekundu, hana buibui, ana mabaka meupe shavu la kushoto, ile picha ya kwanza ifuteni. Akaweka nambari yake mwenyewe, akatuma kote alikotuma mwanzo. Ngumbao akamletea kikombe cha maji.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Sahla. Hakupiga kelele. Alisema, "Umetuvua nguo, wifi," akakata. Ya pili ilikuwa ya Mahmood, akamwamuru aifute sasa hivi.

"Siifuti," Ruwaida alisema. Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumjibu hivyo.

Ya tatu ilikuja kabla ya alasiri, na sauti hakuijua. Mwanamke yule alisema anaitwa Charity, anauza makaa Kibarani kando ya barabara. Huyu mama alimwona Jumanne mchana. Alikaa kwenye magunia yake, akaulizia nyumba ya Mwanamina, akaomba maji. Alikunywa vikombe vitatu. Charity akamwambia Mwanamina hamjui, naye akainuka akaifuata njia ya Ganze, akisema atauliza mbele.

"Kesho yake akaja mwanamume na karatasi," Charity alisema. "Niliitazama sana, maana nilitaka awe ni yeye. Lakini wa kwenye karatasi hakuwa yule. Nikamwambia sijamwona."

Ruwaida alikimbia mpaka nyumbani. Alimwambia Mahmood yote kwa pumzi moja, na Mahmood akasahau hasira, akashika kofia yake, akatuma mtu kutafuta gari. Sahla akachukua buibui kwenye msumari na kibweta cha dawa kwenye meza. Ana kiu, alikuwa akisema, atakuwa na njaa, mama hawezi kulala nje, tumchukulie na mkate. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne watatu wale walikuwa kitu kimoja. Walikuwa mlangoni, viatu miguuni, simu ya Ruwaida ilipolia tena, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Naitwa Jedida," sauti ilisema. "Ni muuguzi, huku Kilifi. Nimeona picha yenu, hii ya pili."

Alisema mama aliletwa Jumatano asubuhi na wasamaria waliomkuta amelala kando ya njia ya Ganze. Alikuwa hawezi kusema, na hakuwa na kipande wala mtu. Walimwandika asiyejulikana.

"Ile picha yenu ya kwanza niliipata jana saa sita," Jedida alisema. "Nilisimama kitandani pake na simu mkononi, nikalinganisha. Nikamwita mwenzangu, naye akalinganisha. Tukasema siye."

"Yu vipi sasa?" Ruwaida aliuliza.

Upande wa pili palikuwa na sauti ya vyombo, na mtu akiitwa mbali.

"Amefariki leo alfajiri, mama. Poleni. Tungejua ni nani, tungejua dawa zake."

Sahla alikaa chini pale pale kizingitini, buibui la mamake mapajani, akaanza kulikunja vizuri, pindo kwa pindo.

*

Walimzika Ijumaa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini aibu ya Bi Tumu wakati huo ilikuwa katika simu za pwani nzima. Majirani waliokuja kumwosha, waliomjua miaka kumi na moja kwa macho tu, walilimwagia maji shavu lile mara tatu kama walivyoliosha la pili. Sahla alishika kata, na mkono wake ulikuwa thabiti mpaka mwisho.

Ruwaida alisikia yaliyosemwa jikoni. Kuna waliosema ndiye aliyemwanika mama wa watu bila stara. Kuna waliosema ndiye aliyemfuta uso hata akafa peke yake kama asiye na kwao. La kwanza aliliacha lipite. La pili lilikaa ndani yake, na alijua litakaa. Wala Mahmood hakumtetea kwa lolote kati ya hayo mawili, ingawa wazo la kuufuta uso lilitoka kinywani mwake kwanza.

Watu wa Mambrui walikuja Jumamosi, si kwa posa, kwa tanzia. Mamake kijana, mwanamke mnene mpole, alikaa na Sahla mkekani, akamshika mkono. Alisema yeye na wanawe walizunguka Mambrui siku mbili na ile karatasi.

"Mngalituambia," alisema, "tungalijua twamtafuta nani."

Mambo ya nikaha hayakutajwa, si kwa kuvunja wala kwa kuweka siku, na jioni wageni wakaaga.

*

Jumatano iliyofuata Ruwaida alipita Muyeye na beseni la maji na kisu butu, akibandua karatasi. Alizigandisha mwenyewe kwa uji wa unga wa ngano, na uji ule ulishika. Zilitoka vipande vipande. Ngumbao alimletea salamu kwamba kiti chake kipo, arudi atakapokuwa tayari, naye hakujua bado kama atarudi.

Ya mwisho ilikuwa kwenye ukuta wa nyumba yao. Mahmood alikuwa amekaa barazani, hakwenda dukani, simu kwenye goti. Ilipolia akaiacha ilie, kisha akaipokea.

Alikuwa mwanamume wa makamo, sauti ya mtu mwema aliyefurahi. Alisema amepiga kwa nambari ya kwenye karatasi. Alisema alhamdulillahi, mama yenu nipo naye hapa sokoni, Watamu, anachagua samaki. Buibui jeusi, uso ule ule. Mzima kabisa, tena ametakata. Nimzuie? Alisema kwa sauti kubwa, kama watu wasemavyo na simu sokoni, na Ruwaida aliyasikia yote akiwa na kisu mkononi.

Alimwona mumewe akiinuka nusu. Alimwona, kwa kitambo cha kupepesa jicho, akiamini. Mtu aliyemtia mamake udongoni kwa mikono yake mwenyewe, akaamini. Kisha Mahmood akakaa tena. Njiani watu walikuwa wakipita, na majirani walikuwa milangoni mwao, lakini hakupunguza sauti.

"Hebu mtazame shavu la kushoto," alisema. "Ana mbalanga?"

"Mbalanga? La, ndugu yangu. Hana hata doa."

"Basi siye," Mahmood akasema. "Mwache ende zake. Mama yangu ana mbalanga."

Yule mtu aliomba radhi, akasema ataendelea kumwangalia. Mahmood akamshukuru.